Muulize Mzee wa Safari: Wiki mbili Wicklow, na magoti yanauma

Mzee wa Safari aliendesha magari ya watalii kutoka Nairobi kwa miaka 31. Siku hizi anaendesha kalamu.

SWALI: Shikamoo Mzee. Binti yangu ni nesi, anaishi mji unaoitwa Bray, kaunti ya Wicklow, Ireland. Amenialika mwezi wa Juni, wiki mbili. Kazi yake ni ya zamu za saa kumi na mbili, kwa hiyo siku nyingi nitakuwa peke yangu. Nina miaka 63 na magoti yangu na ngazi hawaelewani. Wenzangu wa chama wananicheka kwamba naenda kutazama mvua na viazi. Kuna nini cha kuona huko? Makumbusho ya kusoma maandishi ukuta mzima siyataki. Mama wa Nesi, Umoja

JIBU: Marahaba, mama. Mvua utaiona na viazi utakula, chama hawakukosea. Nilipokuwa huko mwaka 2016 niliwekewa viazi vya kuponda na viazi vya kukaanga kwenye sahani moja, na aliyenihudumia hakuona ajabu. Lakini Wicklow, wenyewe wanaiita Bustani ya Ireland, na iko kusini tu ya Dublin. Binti yako amekaa pazuri.

Viza kwanza, kabla hujaenda Gikomba kutafuta koti. Ireland haimo katika Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na viza ya Schengen haitakuingiza. Ya Uingereza nayo haitoshi kwa pasipoti yetu. Unaomba viza ya Ireland yenyewe, ya ziara fupi, ambayo haizidi siku 90. Na kama ndege inapitia London, uliza mapema kama utahitaji ruhusa ya kupita pale. Nimeona watu wakirudishwa kutoka kaunta ya JKIA na masanduku yamefungwa kamba.

Sasa Bray. Binti akiwa kazini, huhitaji gari. Kuna barabara ya miguu kando ya bahari, tambarare, zaidi ya kilomita moja na nusu, yenye viti. Ufuo wenyewe si mchanga kama wa Diani. Ni kokoto, na zinapokokotwa na wimbi zinatoa sauti kama mtu anayepepeta maharage. Mwisho wa barabara hiyo kuna kilima, Bray Head, mita 241, chenye msalaba juu. Kilima mwachie binti. Wewe panda treni ya kwenda Greystones, kituo kinachofuata, ukae upande wa bahari. Reli imechimbwa kwenye ubavu wa jabali tangu miaka ya 1850, na aliyeisanifu ni yule Mwingereza Brunel. Bahari imekuwa ikiimega tangu siku hiyo, hadi imebidi isogezwe ndani mara kadhaa. Safari ni ya dakika chache tu. Mimi niliirudia mara tatu, na mkagua tiketi akaanza kunitilia shaka.

Lakini ukiwa na siku moja tu ya nguvu, ipeleke Glendalough. Jina hilo kwa Kiairishi maana yake ni bonde la maziwa mawili, na ndivyo lilivyo: milima pande zote, maziwa mawili chini, na karibu na ziwa la chini magofu ya monasteri iliyoanzishwa na mtakatifu Kevin katika karne ya 6.

Hapa niungame kidogo. Mara ya kwanza nilipelekwa na gari la watalii, na dereva akatupa dakika arobaini na tano. Nikafura. Halafu nikanywea, kwa sababu ni mimi huyu huyu niliyekuwa nawashusha Wazungu pale Gedi na kuwaambia: nusu saa, picha, choo, twende Malindi. Kesho yake nikarudi kwa basi dogo linalotoka katikati ya Dublin na kupitia hapo hapo Bray, nikakaa mpaka basi la jioni.

Unaingilia kwenye lango la mawe lenye matao mawili. Ndilo lango pekee la monasteri ya kale lililobaki limesimama katika Ireland nzima. Ukishapita tao la kwanza, tazama ukuta wa kulia: kuna jiwe kubwa lililochongwa msalaba. Huo ulikuwa mpaka. Aliyekuwa anakimbizwa, awe mdeni au muuaji, akifika pale hakuguswa. Nilisimama nikafikiria ni wangapi walilifikia wakihema, na ni wangapi walikamatwa hatua kumi kabla.

Ndani ni makaburi, misalaba iliyoinama, na mnara wa mviringo wa mita 30 uliochongoka juu kama penseli mpya. Mlango wake uko mita tatu na nusu kutoka ardhini. Utawasikia watalii wakibishana kwa nini. Wengine husema watawa walipanda kwa ngazi kisha wakaivuta ndani, Waviking wakija kupora. Huenda. Ila jina la minara hii kwa Kiairishi ni nyumba ya kengele, na mimi naamini jina kuliko hadithi. Paa lake lilijengwa upya mwaka 1876, kwa mawe yale yale ya kale.

Pembeni kuna kanisa dogo lenye paa la mawe na kimnara cha mviringo juu yake kinachofanana na bomba la moshi. Watu wameliita Jiko la Kevin. Hakukupikwa kitu humo.

Huyo Kevin mwenyewe alikuwa mtu wa kukimbia watu, na mapokeo yanasema alifariki mwaka 618. Wanasimulia kwamba alikuwa akisali amenyoosha mikono, ndege mweusi akatua kwenye kiganja akataga yai, naye akakaa hivyo hivyo mpaka kifaranga kikaanguliwa. Hiyo ndiyo wanayoiandika kwenye kadi. Mimi napenda ile nyingine. Mfalme O'Toole, mwenye bonde lile, alikuwa na bata bukini aliyezeeka hawezi kuruka tena, na mfalme alimpenda kupita kiasi. Kevin akamwambia: nikimrudishia ujana, utanipa ardhi yote atakayoruka juu yake? Mfalme akakubali, labda akicheka. Bata akainuka, akalizunguka bonde zima. Nilipomsimulia shemeji yangu anayefanya kazi ya ardhi, alisema hiyo ndiyo hati miliki ya kwanza duniani kutolewa bila foleni.

Kuhusu magoti: kutoka magofuni hadi ziwa la juu kuna njia pana, tambarare, kama kilomita moja na nusu. Nenda nayo taratibu. Usikubali mtu akushawishi kupanda ukingo unaoitwa Spinc. Zile ni ngazi za mbao mamia, na mimi mwenye magoti mazima zilinitoa machozi. Kaa ziwani na thamosi yako. Ng'ambo ya maji kwenye jabali utaona kishimo cheusi: hicho ndicho kinaitwa kitanda cha Kevin. Na ukibahatika jioni, watu wakishapungua, watashuka ayala kunywa, wale wale wa Zaburi ya 42. Karibu wote wana damu ya ayala wa Japani walioletwa na bwana mmoja wa shamba la Powerscourt mwaka 1860. Wakaruka ua, wakaoana na ayala wekundu.

Kuzunguka magofuni ni bure, na kuna nyumba ya maelezo ambayo kwa ladha yako utaipita.

Powerscourt yenyewe haiko mbali na Bray. Bustani zake zimepangwa kwa ngazi za nyasi kushuka hadi kwenye bwawa, na nyuma yake unaona mlima wa Sugar Loaf umekaa kama mtungi uliofunikwa. Ni pazuri, pana kiingilio, na wenye kupenda waridi hawataki kutoka. Jumba liliungua Novemba 1974, likabaki kuta, likakarabatiwa baadaye. Maporomoko ya maji yako kilomita chache kutoka hapo, mita 121, na watakuambia hakuna marefu zaidi Ireland. Sitakudanganya: Karuru yetu kule Nyandarua ina mita 273. Lakini Karuru haina kisa cha Mfalme George wa Nne. Alipokuja mwaka 1821, mwenye shamba alijenga bwawa juu ili maji yaachiliwe kwa kishindo mfalme akitazama, na chini akajenga daraja la kusimamia. Mfalme akala chakula cha mchana, akala sana, akaondoka bila kwenda. Baadaye maji yalipofunguliwa yalilisomba lile daraja. Shibe ilimwokoa. Wasimulie chama hiyo, watanyamaza.

Mahali pa tatu pa kwenda na binti siku yake ya mapumziko ni Avondale. Pale alizaliwa Charles Stewart Parnell mwaka 1846, tajiri wa mashamba aliyegeuka kuongoza wapangaji wasio na ardhi. Mwaka 1880 aliwahimiza wasimguse wala kumsemesha yeyote anayechukua shamba la aliyefukuzwa, na siku chache baadaye wakamfanyia hivyo wakala mmoja aitwaye Kapteni Boycott. Kususia kote tunakosikia kwenye habari kwa Kiingereza kumebeba jina la bwana huyo hadi leo. Sisi tulioshuhudia mambo ya mashamba hapa tunamwelewa Parnell bila mkalimani. Shamba lake sasa ni msitu wa serikali, na tangu 2022 kuna njia ya mbao inayopita juu ya miti, kilomita moja na kitu, hadi mnara wa mita 38. Na haina ngazi, mama. Inapanda kwa mteremko mdogo tu, hata viti vya magurudumu vinafika juu.

Basi. Sehemu hizo tatu na treni yako ya Greystones. Mtu akikupa orodha ya kumi, mpe chai aende. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo usingoje giza ndipo upike, utalala njaa. Na ubebe koti la mvua hata mbingu ikiwa nyeupe.

SWALI: Mzee, mwezi jana uliandika kwa kupita tu kwamba "Wicklow nayo ina Nyandarua yake" halafu ukaenda kuzungumzia matairi. Fafanua. Mwalimu wa Historia, Kasarani

JIBU: Mwalimu, umenikamata. Ukitoka Dublin kwa gari kuelekea kusini kuna barabara nyembamba inayopanda moja kwa moja kwenye nyika ya milima, mahali pasipo na nyumba. Ardhi ni nyeusi, inanyonya mguu kama sifongo. Ni majani ya maelfu ya miaka yaliyooza nusu. Wenyeji waliikata matofali, wakayakausha, wakachoma kama kuni. Mwezi wa Agosti vichaka vinatoa maua ya zambarau mlima mzima. Kijito unachokiruka karibu na njia panda ya Sally Gap ndio mto Liffey, ule unaokata Dublin katikati, ungali mchanga.

Nikamuuliza aliyenibeba: nani alijenga barabara pasipo na watu? Akasema: jeshi.

Mwaka 1798 Waairishi waliasi utawala wa Waingereza, wakashindwa. Wengi waliobaki walijificha kwenye milima hii, na farasi wa jeshi hawakuweza kuwafuata kwenye tope lile. Serikali ikaanza kupasua barabara mwaka 1800, ikamaliza 1809, na kambi za askari zikapandwa njiani. Mpaka leo inaitwa Barabara ya Jeshi. Sasa fungua kitabu chako cha historia ukurasa wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, utazame zile njia walizochanja wakoloni ndani ya msitu wa Nyandarua. Kalenda ilikuwa nyingine, akili ile ile.

Kiongozi wa milimani aliitwa Michael Dwyer. Kuna kibanda chenye paa la nyasi kule Derrynamuck ambacho kimehifadhiwa kwa sababu ya usiku mmoja wa Februari 1799. Askari walikizingira, paa likawaka. Mwenzake, Sam McAllister, alikuwa ameshavunjwa mkono kwa risasi. Akajitokeza mlangoni ili wote wamlenge yeye, na kabla hawajajaza bunduki tena, Dwyer alikuwa ameshatoka mbio gizani. Kibanda hakina kitu ndani: kitanda, meko, vyungu. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye jumba lolote la kifahari nchi ile.

Mwisho wake ndio usioutarajia. Dwyer alijisalimisha Desemba 1803, mara barabara ilipoanza kuwafikia, akasafirishwa hadi Australia. Huko, baada ya misukosuko, akawa polisi. Ndiyo, polisi wa Mwingereza. Wanafunzi wako wakikuuliza kama aliwasaliti wenzake, usiwajibu haraka. Waache wabishane kipindi kizima.

Gereza la mji wa Wicklow, walimowekwa wengi wa waasi hao, leo linatembelewa na watalii. Kuna waigizaji wanakupigia kelele kama askari jela. Watoto wanafurahi. Mimi nilitoka mapema.

SWALI: Nauli ya Ulaya ni pesa ya kununua nduthi. Kwa nini Mkenya ambaye hajaona hata Turkana alipie kwenda kutazama vilima na vidimbwi? Kijana wa Rongai

JIBU: Asilipie. Kilele cha juu kabisa cha Wicklow, Lugnaquilla, kina mita 925. Wewe hapo Rongai umeshakipita ukiwa umelala kitandani, na Ngong Hills unazoziona dirishani zinafika 2,460. Nenda Turkana kwanza, nunua nduthi kwanza. Mama wa Nesi ana binti kule, na mimi nilikuwa na sababu yangu, ambayo iko kwenye barua inayofuata.

SWALI: Nilibatizwa Kitui na padri wa "Kiltegan". Nilikua nikidhani Kiltegan ni jina la mtakatifu. Juzi mjukuu amenionyesha kwenye ramani kwamba ni kijiji, na kiko hiyo hiyo Wicklow. Je, mtu anaweza kufika? Nyanya wa Donholm

JIBU: Nyanya, hata mimi wa kwetu Mutomo nilidhani ni mtakatifu. Ni kijiji kweli, magharibi mwa Wicklow, upande ambao watalii hawaendi: ng'ombe, ua la mawe, kanisa, basi. Shirika la Mtakatifu Patrick lilianzishwa pale tarehe 17 Machi 1932, sikukuu ya Patrick mwenyewe, na kwa vile jina la shirika ni refu, dunia ikawaita kwa jina la kijiji. Kenya walifika miaka ya 1950. Askofu wa kwanza wa jimbo letu la Kitui, William Dunne, alikuwa mmoja wao, na Turkana nako walienda.

Mimi nilienda kwa sababu padri aliyenifundisha katekisimu, na baadaye akanifundisha kuendesha Land Rover, alikuwa akisema kila kiangazi, akitazama mchanga wa mto: "Kwetu maji hayaombwi." Nilitaka kuona huko kwao. Yeye alikuwa ameshazikwa, pale pale. Makaburi yao yamepangwa safu, yanafanana.

Baadaye nikapelekwa sebuleni kwenye chai. Wazee wamekaa kwenye viti, blanketi magotini, na redio chini. Mmoja akanitazama, akauliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Akauliza Kenya wapi. Nikasema Kitui. Akaweka kikombe chini, akanisalimu kwa Kikamba, kile cha ndani, cha soko la Mutomo, kile ambacho watoto wangu wa Nairobi hawakijui. Tukazungumza saa nzima. Kiingereza chake kilikuwa kimeanza kumpotea majina ya watu na vitu, walisema waliokuwa wakimhudumia, lakini Kikamba kilikuwa kizima. Aliniuliza kama mto Tiva umeshuka mwaka ule. Nikamwambia bado. Dirishani mvua ilikuwa inanyesha, ile yao nyembamba isiyoisha. Akaitazama, akasema kitu kuhusu mitungi ambacho kilinichekesha na ambacho hakitafsiriki.

Basi za kufika huko ni za kubahatisha, Nyanya. Tafuta mtu mwenye gari kutoka Dublin, na upige simu siku moja kabla. Usiende kati ya saa saba na saa tisa mchana. Wazee huwa wamelala.